Likizo ya boti Lamu: Kabla ya kukata tiketi, uliza mwezi

Kundi lenu la WhatsApp limeshakubaliana. Mwaka huu si Naivasha tena, wala si Nanyuki. Mwaka huu ni Lamu, na si kulala hotelini na kupiga picha za punda tu. Mnataka boti. Mnataka kupita katikati ya mikoko, mle samaki wa kukaanga, kisha mrudi mjini jua likizama.

Wazo zuri. Lakini kabla hamjaanza kuchangishana kwa M-Pesa, kuna swali ambalo wageni wengi kutoka bara hawaliulizi: Siku hiyo, maji yatakuwa wapi?

Ndiyo, maji. Kama umezoea Ziwa Naivasha, utadhani maji hukaa mahali pake. Bahari haikai. Katika visiwa vya Lamu, njia uliyopita kwa boti mchana huenda jioni ikawa tope tupu, kaa wakitembea juu yake. Ukinaswa humo, hakuna bodaboda ya kuita.

Ndiyo maana likizo ya aina hii haianzi na tarehe ambayo bosi amekupa ofu. Huanza na mwezi.

Maji yanavyokwenda

Pwani yetu, maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache. Na kila siku saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Maji yakijaa leo saa saba mchana, kesho yatajaa karibu saa nane.

Halafu kuna ukubwa wa maji. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua na mwezi huivuta bahari pamoja. Hapo ndipo bamvua huja. Maji yakijaa hujaa kwelikweli, na yakipwa hupwa hadi ukashangaa yameenda wapi. Tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kupita mita 3, kama kimo cha ghorofa moja. Mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu: hayapandi sana, hayashuki sana.

Watu wa pwani wana njia rahisi ya kujua haya bila programu yoyote ya simu. Hutazama kalenda ya Kiislamu, kwa sababu miezi yake hufuata mwezi wa angani. Karibu na tarehe 1 na 15 ni bamvua. Karibu na tarehe 8 na 22 ni maji mafu. Ukutani kwa duka lolote Lamu utaikuta kalenda hiyo.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu ndilo litakalookoa likizo yako. Siku za bamvua, maji katika pwani ya Kenya hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa karibu saa nne asubuhi. Kwa hivyo mkiamka pole pole, mkanywa chai na mahamri, mkafika gatini saa nne na kofia zenu, mtaambiwa njia za mikoko zimekauka. Nahodha hana njama yoyote ya kuwala pesa. Ni mwezi tu.

Siku za maji mafu ni kinyume. Maji hujaa asubuhi kama saa nne au saa tano, lakini kwa kuwa hayapandi sana, njia zile nyembamba zaidi huenda zisipitike vizuri.

Kwa anayeanza, siku za kuwinda ni mbili au tatu kabla ya mwezi mpevu au kabla ya mwezi kuandama. Kwa kalenda ya Kiislamu, tafuta kama tarehe 11 na 12, au 26 na 27. Siku hizo maji hujaa kati ya saa saba na saa tisa mchana, na hupanda vya kutosha. Mnaingia na maji yanayojaa, mnatembea, mnatoka kabla hayajawaacha.

Ukishapata siku, hakikisha kwa jedwali la maji. Yapo mtandaoni, ya Kilindini na ya Lamu. Soma la Lamu. Angalia pia kama saa zimeandikwa kwa saa za Afrika Mashariki au za Greenwich, maana tofauti ni saa tatu, na saa tatu ni nusu ya safari ya maji kutoka kujaa hadi kupwa.

Wapi kwa mara ya kwanza?

Safari nzuri ya kuanzia ni Takwa. Mnatoka mji wa kale wa Lamu, ule ulioingizwa kwenye orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka wa 2001, mnavuka hadi kisiwa cha Manda, kisha mnaingia mkono mwembamba wa bahari wenye mikoko pande zote mbili. Mwisho wake kuna magofu ya mji wa Waswahili uliostawi karne ya 15 hadi ya 17. Msikiti wake bado umesimama kuta, na kuna kaburi lenye mnara. Inasimuliwa kwamba watu wake walihama, wakavuka kwenda Shela.

Uzuri wa Takwa ni kwamba safari ni fupi, na inakufundisha somo lote la maji kwa siku moja. Mkono ule haupitiki maji yakiwa yamekupwa. Ukichelewa, unalijua gharama yake.

Safari ndefu zaidi ni kwenda kisiwa cha Pate, kwenye miji ya Pate, Siyu na Faza. Boti huelekea huko kupitia Mkanda, njia nyembamba kati ya Manda na bara. Manahodha wanaopita humo wamezoea kupanga saa ya kuondoka kwa kufuata maji. Siyu pia, penye ngome ya zamani, hufikiwa kwa njia ya mikoko. Hii iache ya mara ya pili, au ukubali kulala huko.

Na kama mna wikendi moja tu? Lamu ni mbali kwa siku mbili. Nendeni Mida, karibu na Watamu. Ni mkono wa bahari wenye mikoko, mtumbwi, na daraja la mbao la kutembelea juu ya mikoko. Kutoka Mombasa ni safari ya matatu kwa barabara ya Malindi. Sheria ni ile ile: bila maji, hakuna mtumbwi.

Boti na nahodha

Usilipe boti ambayo hujaiona. Picha ya Instagram haina tundu. Nenda gatini siku moja kabla, ukutane na nahodha uso kwa uso, msalimie vizuri, kisha uulize bila haya:

Leseni ya boti iko? Inaruhusiwa kubeba watu wangapi? Mamlaka ya Usafiri wa Majini, KMA, ndiyo inayosimamia mambo hayo, na nahodha wa kweli hataudhika ukiuliza.

Jaketi za kuokoa maisha zipo ngapi? Zihesabu. Ivae moja uone kama inafungika. Jaketi iliyofungiwa kwenye gunia chini ya jahazi haimsaidii mtu.

Kuna injini pamoja na tanga? Upepo ukifa mkiwa ndani na maji yanatoka, injini ndiyo itakayowatoa.

Tutatoka saa ngapi na kurudi saa ngapi? Hili ndilo swali la mtihani. Nahodha anayejua kazi atakutajia maji kabla hajakutajia bei. Akikwambia "saa yoyote, nyinyi tu", tafuta mwingine.

Bei kubalianeni ya boti nzima, si ya kila kichwa, na ieleweke kama mafuta, chakula na maji ya kunywa vimo. Iandikeni kwa ujumbe wa simu ili kila mtu awe nayo. Lipa kiasi kabla, kingine mkirudi. Lakini usimkandamize mtu kwa mia mbili mbele ya mabeshte ili uonekane mjanja. Nahodha aliyepunjwa huenda akapunguza mafuta, na mafuta si mahali pa kupunguza.

Na wale wenzenu wa "niko ndani" ambao hawajatuma chochote wiki moja kabla ya safari, wafuteni kwenye hesabu. Boti hukodiwa kwa idadi ya waliolipa.

Siku yenyewe

Tuseme maji yanajaa saa nane mchana. Asubuhi ni ya mji: tembeeni vichochoroni, mnunue matunda. Kumbukeni Lamu ni mji wa Waislamu, vaeni nguo za heshima mkipita mitaani. Nguo za kuogelea ni za ndani ya boti na ufuoni. Kama ni Ramadhani, msile wala kunywa hadharani mchana.

Saa sita kasorobo muwe gatini. Saa sita boti iondoke, iingie mkono wa Takwa maji yakiwa bado yanapanda. Hii ina faida moja kubwa: boti ikigusa mchanga wakati maji yanajaa, mtangoja kidogo tu na itaelea. Ikigusa wakati maji yanapwa, mmekwisha.

Tembeeni magofuni, pigeni picha zenu. Saa nane, au nahodha atakapoita, wote botini. Si dakika kumi baadaye. Kila kundi lina yule mtu wa "ngoja nichukue moja ya mwisho". Mwambieni mapema kwamba maji hayana moja ya mwisho.

Alasiri ni ya mlango mpana kati ya Lamu na Manda, ambako maji hayaishi. Hapo ndipo pa samaki, pa kuogelea na pa kuinua tanga. Jua likianza kushuka, rudini. Msisafiri usiku, na kabla ya kutoka ulizeni hotelini kama kuna agizo lolote la usalama kuhusu njia mnayokwenda.

Katika mkoba weka maji ya kunywa, lita mbili au tatu kwa kila mtu. Weka kofia, leso au kikoi, tochi, chaja ya kubebea na mfuko usiopenya maji wa kuwekea simu. Viatu viwe vya kufunga, kwa sababu mizizi ya mikoko na chaza hukata miguu. Boti nyingi hazina choo, kwa hivyo fanya haja mjini, na ukiwa na jambo la kukusumbua mwambie nahodha mapema. Hatashangaa. Pombe iwe ya baada ya safari, kwa anayekunywa.

Kuhusu msimu, mvua kubwa huja Aprili na Mei, na kusi huvuma kwa nguvu kati ya Juni na Agosti. Ndani ya mikoko utakuwa umekingwa, lakini maji ya wazi huchafuka. Kuanzia Oktoba hadi Machi mambo ni mazuri zaidi kwa anayeanza.

Mkikwama je?

Inatokea hata kwa wanaojua. Maji yakiwaacha, kaeni ndani ya boti. Usijaribu kuwa shujaa wa kutembea hadi nchi kavu. Tope la mikoko linaweza kukumeza hadi mapajani, na hujui kuna nini chini. Pigeni simu hotelini mseme mlipo. Kunyweni maji kidogo kidogo, jifunikeni jua. Bahari itarudi, ila itarudi kwa saa zake, na ndiyo maana ya zile lita tatu na ile tochi.

Jambo la mwisho, na ndilo zito. Wengi wetu tuliokulia Nairobi, Nakuru au Eldoret hatujui kuogelea, na hatupendi kusema mbele ya wenzetu. Sema. Mwambie nahodha kabla ya kupanda, uvae jaketi kuanzia gatini hadi gatini, hata kama itaharibu picha. Nahodha akikwambia keti, keti. Akisema leo hatutoki kwa sababu ya upepo, mshukuru, muulize siku nyingine, na mwende mkale pweza mjini.

Sasa fungua kalenda. Usitazame wikendi kwanza, tazama mwezi. Ukishapata zile siku mbili tatu kabla ya bamvua, ndipo utume ujumbe kwenye kundi: tarehe ni hizi, nani ametuma?