Paka wa Ulaya na Paa wa Unguja

Kijana maskini anarithi paka. Paka yule humpelekea mfalme zawadi za nyama ya mwituni, akisema kwamba zimetoka kwa bwana wake, naye humtaja bwana wake huyo kwa cheo asichokuwa nacho. Mwisho kijana anaozwa binti wa mfalme. Watoto wa Ulaya wameisoma hadithi hii kwa miaka mingi, na wengi hudhani kwamba paka huyo alivaa viatu vya buti tangu mwanzo. Sivyo hata kidogo.

Katika kitabu cha Straparola, kilichopigwa chapa Venice mwaka wa 1553, paka ni jike, tena hana viatu. Viatu vilitiwa na Mfaransa, Charles Perrault, mwaka wa 1697. Wala si ajabu, kwani wasomaji wake walikuwa watu wa zama za Mfalme Louis wa 14, ambao walimpima mtu kwa mavazi yake. Kwa Perrault paka anakuwa bwana mkubwa, hawakimbizi tena panya ila kwa kujifurahisha. Ndugu wawili Grimm wa Ujerumani waliitia hadithi hiyo kitabuni mwaka wa 1812, kisha wakaiondoa katika chapa ya pili, kwa kuwa ilikuwa ya Kifaransa mno.

Lakini viatu ni jambo dogo. Jambo kubwa ni yale anayotendewa mnyama baada ya bwana wake kutajirika. Perrault amelipita upesi. Basile wa Naples, ambaye hadithi zake zilianza kupigwa chapa mwaka wa 1634, hakulipita. Kwake kijana anaapa kwamba paka akifa atamhifadhi katika kizimba cha dhahabu. Paka, kwa kumjaribu, anajifanya amekufa. Na yule bwana anaamuru atupwe nje dirishani! Paka anaruka, anamsuta, na kwenda zake.

Huku kwetu Padre Edward Steere aliandika hadithi zilizosimuliwa na watu wa Unguja, akazipiga chapa mwaka wa 1870. Mojawapo ni ya Sultani Darai. Hapo hakuna paka, bali paa, aliyenunuliwa kwa thumuni moja na maskini aliyekuwa akichakura jaani. Paa anaokota almasi, anamposea bwana wake binti wa sultani, kisha anamwua nyoka mwenye vichwa saba ili bwana wake apate jumba.

Haifai kusema upesi kwamba Waswahili waliipata kwa Wazungu. Kwa Warusi na watu wa Asia ya Kati mnyama huyo ni mbweha, na majahazi yaliyotia nanga Unguja yalitoka Uarabuni na Uhindi tangu zamani, yakileta watu wenye hadithi zao.

Na msimulizi wa Unguja ni mkali kuliko Basile. Paa wake hajifanyi mgonjwa, anaugua kweli. Bwana, ambaye nyumba imejaa vyakula vizuri, anaamuru apewe uji wa mtama. Mkewe analia na kumsihi, hasikii. Paa anakufa, na maiti yake inatupwa kisimani. Usiku ule mke anaota yuko kwa baba yake, akaamka, kumbe ni kweli. Mume naye anaota kwamba anachakura jaani. Alipofumbua macho, alikuwa pale pale, mikono imo takani.