Je, Wajua? Kuni haziishii kwenye majivu

Kasenyi, kando ya Ziwa Albert, samaki hukaushwa kwa moshi au kwa chumvi. Chini ya uchanja wa moshi pana mmenyuko wa kikemia: kuni na oksijeni ya hewani ni vitendanishi, yaani vinavyoingia; kabonidioksidi na mvuke wa maji ni mazao. Utapinga: mbona mzigo mzima wa kuni umeacha konzi ya majivu tu? Uzito haukupotea, umepaa. Ungezinasa gesi zote, ukaongeza masizi na majivu, ungepata uzito wa kuni pamoja na oksijeni iliyotumika. Mwanakemia Lavoisier alilithibitisha hilo kwa mizani karne ya 18. Chumvi je? Ikiyeyuka majini haigeuki kitu kingine: maji yakikauka, fuwele zilezile hurudi.