Dini shuleni: Vipindi viwili ni vya mwalimu, cha tatu ni chako mzazi

KILA ufikapo wakati wa kuwatafutia watoto shule, wazazi wengi wa mijini hukimbilia zile za Kikatoliki. Si Wakatoliki pekee. Waanglikana, Wapresibiteri, Wasabato na hata Waislamu huwapeleka wana wao huko. Waulize sababu nao watataja nidhamu, kisha waongeze kwamba huko mtoto atafunzwa dini.

Je, ni wangapi wanaojua ni dini gani inayofunzwa, na ni nani anayeifunza?

Zamani mambo yalikuwa rahisi. Kusoma na kusali lilikuwa jambo moja, ndiyo maana Wakikuyu waliwaita Wakristo wa kwanza athomi, yaani wasomaji. Lakini Sheria ya Elimu ya 1968 ilitia usimamizi wa shule za misheni mikononi mwa serikali, na kanisa likabaki kuwa mfadhili. Hivyo basi, shule nyingi tunazoziita za Kikatoliki ni za umma. Walimu huajiriwa na TSC, na si lazima wawe Wakatoliki.

Kipindi chenye alama

Humo shuleni mtoto hupata dini kwa njia mbili. Ya kwanza ni somo la CRE. Hili lina silabasi na vitabu vilivyoidhinishwa na serikali, sawa na hisabati, na limetungwa kwa ajili ya Wakristo wa madhehebu yote. Mtoto hujifunza habari za uumbaji, Ibrahimu, Musa na maisha ya Yesu. Mtihani wa KCPE, uliofanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023, ulikuwa na maswali 30 ya dini katika karatasi moja na Maarifa ya Jamii. Katika mtaala wa CBC, Elimu ya Dini ni mojawapo ya masomo tisa ya Gredi ya 7 hadi ya 9.

Mtoto anaweza kupata alama zote katika somo hili na asijue kuomba. Hilo si kosa la mwalimu, kwani kazi yake ni kufundisha na kutahini.

Kipindi kisicho na alama

Njia ya pili ni kipindi cha malezi ya kiroho, ambacho walimu hukiita PPI. Huwa mara moja kwa wiki. Hapa ndipo padre, mtawa au katekista huingia, na Wakatoliki wakafunzwa sala, rozari na sakramenti. Kwa kuwa hakina mtihani, ndicho kipindi rahisi kuibwa. Katekista asipotokea, mwalimu wa hisabati huingia na chaki yake.

Mzazi Mkatoliki, usidhani basi kwamba shule itamtayarisha mwanao kwa Komunyo ya kwanza na Kipaimara bila wewe kujua. Mafundisho hayo ni ya parokia, shule husaidia tu.

Na mzazi asiye Mkatoliki afanyeje? Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamruhusu mfadhili kuteua kasisi wa shule kwa gharama yake, lakini inamtaka alinde imani za wengine. Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inasema mtu asilazimishwe kutenda kinyume na dini yake. Kwa hivyo uliza kabla ya kulipia sare: Misa huwa siku gani? Asiyeshiriki hukaa wapi, na nani? Je, kuna mwalimu wa dini ya Kiislamu? Kisha mweleze mtoto mapema, asije akaachwa kubahatisha mbele ya wenzake.

Maswali mazito

Mtoto wa gredi za chini huridhika na hadithi ya Nuhu. Akifika miaka 12 au 13, maswali hubadilika. Mbona tuliomba na nyanya akafa? Mbona jirani ni Mwislamu na ni mwema kuliko sisi? Mwalimu mwenye darasa lililojaa pomoni hana nafasi ya kuketi na kila mmoja. Swali hilo litakuja nyumbani. Likikuta mzazi hana muda, litatafuta jibu kwingine.

Kanisa Katoliki lenyewe, katika tamko la Mtaguso wa Vatikani kuhusu elimu la 1965, lilisema wazazi ndio walimu wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Sista anaweza kufundisha mchana kutwa kwamba uongo ni dhambi. Jioni mwenye nyumba anabisha mlango akidai kodi, na baba ananong'ona kutoka chumbani, "Mwambie sipo."

Mtoto huyo amefunzwa dini mara mbili siku hiyo. Hakuna haja ya kuuliza ni somo lipi atakalolikumbuka.