Jua kali, safari ndefu na pikipiki ndogo

Huenda umewahi kutazama kwenye televisheni mashindano ya Dakar. Waendeshaji hukimbiza pikipiki zisizozidi 450cc jangwani kwa karibu wiki mbili. Tangu mwaka 2020 mashindano hayo hufanyika Saudi Arabia. Ukitazama, utadhani hatari yao kubwa ni kuanguka. Lakini Januari 2015, nchini Argentina, mwendeshaji kutoka Poland, Michal Hernik, alikutwa amefariki bila dalili ya ajali. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba aliuawa na joto pamoja na upungufu wa maji mwilini.

Jambo hili linatuhusu sisi pia. Tangu mwaka 2008, serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, chombo hiki kimekuwa miguu ya watu wa Kwale. Kijana wa bodaboda hutoka Ukunda hadi Kinango, au Msambweni hadi Lunga Lunga, na kurudi, mara kadhaa kwa siku. Pikipiki yake ni ya 100cc au 150cc. Wakazi wa mijini nao hupanda pikipiki hizo kwenda Diani mwishoni mwa juma. Wengi hubeba mafuta ya kutosha, lakini hawabebi maji.

Upepo hudanganya

Mwili hujipoza kwa jasho. Jasho likikauka juu ya ngozi, huondoka na joto. Ukiwa kwenye pikipiki, upepo hukausha jasho upesi, nawe hujioni umelowa. Kwa hiyo unaweza kupoteza lita moja au zaidi kwa saa bila kujua. Tena, hewa ikishapita nyuzi 35 hivi, huwa na joto kuliko ngozi yako. Hapo upepo hauleti tena baridi bali huongeza joto, na jasho pekee ndilo linalokuokoa.

Pwani tuna shida ya pili. Wakati wa kaskazi, hasa Februari na Machi, hewa ya Diani na Msambweni hujaa unyevu, na jasho hutiririka bila kukauka. Ukiingia bara, upande wa Kinango na Samburu, hewa ni kavu na jua ni kali zaidi. Ongeza hapo joto la injini miguuni na lile koti zito ambalo wengi huvaa kujikinga na upepo wa asubuhi na kulisahau mwilini hadi adhuhuri.

Dalili za kuangalia

Mtu wa kilo 60 akipoteza maji ya lita moja na robo tu, umakini wake hupungua. Kwa mwendeshaji, huo ni mwanzo wa ajali. Dalili za awali ni kiu, kuumwa kichwa, kizunguzungu, misuli kukaza na mkojo mchache wenye rangi iliyokolea. Ukiziona, simama kivulini, vua koti, kunywa maji na upumzike mpaka zitoweke.

Joto la mwili likifikia nyuzi 40 na mtu akaanza kuropoka, kuyumba au kuzimia, hicho ni kiharusi cha joto. Kinaweza kuua kwa saa chache na kuharibu figo na ubongo. Watu humdhania amelewa, au husema ni malaria na kumtafutia vidonge. Vidonge vya kushusha homa havisaidii hapa. Mlaze kivulini, mvue nguo nzito, mmwagie maji mwili mzima na mpepee kwa nguvu huku gari likitafutwa. Usimnyweshe kitu ikiwa hana fahamu. Kisha mpeleke hospitali iliyo karibu, kama ile ya Msambweni au Kinango, na malaria itapimwa huko huko. Kumpoza kuanze pale pale alipoanguka, kusingoje daktari.

Kinga

Wale wa Dakar hubeba maji mgongoni kwenye mfuko wenye mrija, na husimamishwa kwa lazima wanapojaza mafuta. Nawe fanya hivi:

1. Kunywa maji kabla ya kuondoka, kisha nusu lita au zaidi kila saa, bila kungoja kiu.

2. Rudisha chumvi. Katika lita moja ya maji safi tia vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Dafu ni zuri, lakini chumvi yake ni kidogo. Kula na chakula chenye chumvi.

3. Simama kivulini kila baada ya saa moja. Safari ndefu zifanywe asubuhi au alasiri.

4. Vaa nguo nyepesi za rangi nyeupe zenye mikono mirefu. Helmeti usiivue safarini hata kukiwa na joto, ivue ukisimama.

5. Epuka miraa na muguka. Huondoa usingizi, lakini huongeza joto la mwili na kukuficha uchovu wako.

6. Ukiwa umefunga Ramadhani, kunywa maji ya kutosha kati ya futari na daku, na upunguze safari za mchana. Dalili za hatari zikija, kumbuka kwamba dini imemruhusu mgonjwa kufungua.

Wenye kisukari, shinikizo la damu au wanaotumia dawa za kuongeza mkojo, waonane na daktari kabla ya safari za namna hii.

Nawe abiria una wajibu. Ukimwona dereva wako anayumba au anajibu mambo yasiyoeleweka, mwambie asimame. Chupa ya maji haigharimu sana, na huenda ikawaokoa nyote wawili.