Kidirisha Kinachochomoza Kiooni

Wasomaji wetu wa kambini na vituoni wanaijua vema zamu ya lango. Mlinzi hamsimamishi kila mpita njia kwa kujifurahisha. Humsimamisha yule ambaye hatua yake ifuatayo yahitaji idhini, humwuliza swali moja lililo wazi, kisha humpisha au humrudisha. Katika programu za simu za mkononi yupo mlinzi wa namna hiyo, naye ni kile kidirisha kinachochomoza ghafla, kikafifisha yote yaliyo nyuma yake na kumtaka mtu ajibu ndipo aendelee. Mwenye kutuma fedha hukutana nacho. Kadhalika mwenye kufuta picha.

Mfumo wa Android unacho kidirisha kilicho tayari: kichwa, maneno machache, na vitufe visivyozidi vitatu. Lakini watungaji wa programu, na tunaamini wamo pia wavaao sare, aghalabu hupenda kidirisha chao wenyewe, chenye rangi, pembe za mviringo na mwendo.

Kazi yenyewe si ngumu. Kwanza huchorwa umbo la kidirisha katika faili lake. Kisha huandikwa mafaili mawili madogo ya mwendo, moja la kuingia na moja la kutoka. La kwanza laweza kukikuza kidirisha kutoka asilimia 80 ya ukubwa wake, huku kikitoka katika ukungu hadi kuonekana wazi. La pili hukifanya kififie. Mafaili hayo hutajwa katika mtindo wa dirisha, na mtindo huo hukabidhiwa kidirisha kabla hakijaonyeshwa. Mandharinyuma ya dirisha hayana budi kuondolewa rangi, ama sivyo zile pembe za mviringo zitaonekana zimekaa juu ya mstatili usiotakiwa.

Jambo moja huwapata wengi. Simu ikigeuzwa ubavu, Android kwa kawaida hubomoa ukurasa na kuujenga upya, na kidirisha kilichofunguliwa bila mlezi hutoweka pamoja na swali lake. Ndiyo sababu kuna chombo kiitwacho DialogFragment, ambacho hukirejesha mahali pake ukurasa ukiisha kujengwa.

Sasa tuje kwenye mwendo, maana hapo ndipo tunapoona mbwembwe nyingi. Mwendo una kazi: humwonyesha mtu ya kwamba jambo jipya limetokea. Mwongozo wa Material wa kampuni ya Google, ambao ulianza mwaka 2014, ulikuja kupendekeza kwa simu milisekunde 225 kwa kitu kinachoingia kiooni na 195 kwa kinachotoka. Kutoka kuwe kwepesi kuliko kuingia, kwa kuwa aliyekwisha jibu hana haja ya kungojea sherehe. Kidirisha kidundacho kama mpira kwa sekunde nzima huchekesha mara ya kwanza. Mara ya ishirini huudhi.

Wapo pia wanaodhurika. Mwaka 2013, Apple ilipotoa iOS 7 yenye miendo mingi ya kukuza na kusogeza, baadhi ya watumiaji walilalamika ya kwamba wanaona kizunguzungu na kichefuchefu; mwezi wa Oktoba mwaka huo huo kampuni iliwapa njia ya kuipunguza. Mtungaji mwangalifu huitazama kwanza hiari hiyo ya mwenye simu, na akikuta miendo imezimwa, kidirisha chake hutokea kimya.

Na kitufe kisipokee amri mara mbili. Kidirisha kinachofifia bado kiko kiooni, na kidole chenye haraka chaweza kukigusa tena. Kitufe kisipozimwa kwa mguso wa kwanza, fedha zaweza kwenda mara mbili.

Hata hivyo, uzuri wa mwendo hauliponyi swali baya. Asubuhi ya tarehe 13 Januari, 2018, katika visiwa vya Hawaii, Marekani, ofisa wa zamu wa idara ya dharura alichagua, wakati wa mazoezi, tahadhari ya kweli ya kombora. Kompyuta ikamwuliza kama ana hakika ya kutaka kuituma. Akabonyeza ndiyo. Saa 2:07 simu za wananchi zikatoa onyo ya kwamba kombora laja, na ya kwamba hayo si mazoezi. Zilipita dakika 38 ndipo simu hizo zikapata masahihisho. Ofisa huyo alieleza baadaye ya kwamba aliamini shambulio ni la kweli. Lakini tume ya mawasiliano ya Marekani ilikuta ya kwamba swali lile lilitumia maneno yale yale, iwe ni majaribio au tahadhari halisi.

Mlinzi aliuliza, ila hakutaja ni lango lipi linalofunguliwa. Laiti kidirisha kile kingeandikwa ya kwamba ujumbe wakwenda kwa jimbo zima, na kitufe kikaitwa “Tuma kwa Wananchi Wote” badala ya “Ndiyo”, mwenye kukosea angepata la kumshtua. Vivyo hivyo kidirisha cha kutuma fedha kitaje jina la mpokeaji na kiasi, kabla ya rangi na madoido.

Baada ya tukio hilo, idara ya Hawaii iliagiza kila tahadhari, ya majaribio au ya kweli, ithibitishwe na watu wawili, kisha ikaweka tayari amri ya kuibatilisha iliyotumwa kimakosa.