Shaba Inayokataa Kukatwa

Bendera ya Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, ya mwaka 1960 ilikuwa na misalaba mitatu midogo yenye rangi ya shaba. Umbo hilo lilikuwa la kale. Kwa karne nyingi wahunzi wa Katanga walimimina shaba iliyoyeyuka kwenye kalibu zenye umbo la msalaba, na vipande vilivyotoka vikatumika kama fedha. Leo kijana wa mtaa wa Kamalondo, jijini Lubumbashi, huko huko Katanga, mwenye mashine ndogo ya CNC anaweza kuuchora msalaba huo kwenye kompyuta kwa dakika chache. Kuuchonga kwenye shaba yenyewe ndiyo kazi.

CNC ni mashine ya kuchonga inayoongozwa na namba badala ya mkono. Mwaka 1952 chuo cha MIT, Marekani, kilionyesha babu yake: mashine iliyosoma amri kwenye utepe wa karatasi wenye matundu, huku makabati yake ya elektroniki yakiizidi mashine yenyewe kwa ukubwa. Tangu 2009 kazi hiyo inaweza kufanywa na GRBL, programu huria iliyoanzishwa na Mnorwe Simen Svine Skogsrud, ndani ya kibao cha elektroniki cha Arduino kinachoenea kiganjani. Mashine ya 3018, ambayo wanagenzi wengi huanza nayo, ina eneo la kazi la milimita 300 kwa 180. Inakaa kwenye meza ya kawaida, katika chumba chochote cha lupango, yaani uwanja wa nyumba.

Mota zake hugawa mzunguko mmoja katika hatua 200. Skrubu ikisogeza meza milimita 4 kwa kila mzunguko, hatua moja ni milimita 0.02, unene usiofikia wa unywele. Amri nazo ni fupi: G1 X20 F100 huiambia mashine iende moja kwa moja hadi alama ya 20 kwenye mhimili wa X, kwa mwendo wa milimita 100 kwa dakika.

Tatizo la shaba ni ulaini wake. Mafundi wa Lubumbashi wanaofua picha kwenye mabati ya shaba huutegemea ulaini huo: nyundo ikigonga, bati hunyumbuka bila kupasuka; likikakamaa, hupashwa moto likalainika tena. Kisu cha CNC kinataka chembe ikatike na kuondoka. Shaba hujivuta, huganda kwenye meno ya kisu, joto hupanda, na kisu chembamba huvunjika.

Kwa hiyo msalaba wa kwanza huchongwa kwenye ubao. Wa pili unaweza kuwa wa shaba iliyochanganywa na zinki na risasi kidogo, ambayo hukatika kwa chembe fupi.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, GRBL husahau kisu kilipokuwa. Ndiyo maana alama ya sifuri huwekwa kwenye kona ya kipande inayoweza kupatikana tena, na kazi ndefu hugawanywa katika faili fupi.

Shaba tupu iliyo rahisi zaidi kwa mashine hii ni ile iliyobandikwa kwenye vibao vya saketi za elektroniki. Kwa kawaida unene wake ni milimita 0.035 tu, na kisu chenye ncha kali hukwangua njia za umeme juu yake. Chini yake mara nyingi kuna nyuzi za kioo, na vumbi la nyuzi hizo hudhuru mapafu. Barakoa huvaliwa kabla mota haijawashwa.