Tabibu Asipokuwapo

Maradhi hayamngojei mtu apate fedha wala afike mjini. Baadhi ya matabibu mashuhuri wa ulimwengu wa Kiislamu wa zama za kati walilitambua jambo hili, wakaandika vitabu kwa ajili ya mtu aliye mbali na tabibu, au asiyeweza kumlipa.

Abu Bakr al-Razi, tabibu wa Rayy katika nchi ya Uajemi, aliyefariki yapata mwaka 925, alitunga kitabu cha namna hiyo chenye milango 36. Dawa alizozitaja zilipatikana sokoni, jikoni na hata katika kambi za askari. Katika karne hiyo hiyo, Ibn al-Jazzar wa Qayrawan, Tunisia, aliandika *Masurufu ya Msafiri*, kitabu kinachoeleza maradhi kuanzia kichwani hadi miguuni. Hata hivyo, alitambua kwamba dawa nyingi alizozitaja humo ziliwashinda maskini kwa bei. Kwa sababu hiyo alitunga kitabu kingine, cha tiba ya mafukara, chenye dawa nyepesi kupatikana.

Matabibu hao waliamini kuwa afya hutegemea ulinganifu wa damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Homa, iliyohesabiwa kuwa ni joto lililozidi, ilitibiwa kwa vitu vilivyodhaniwa kuwa baridi, kama vile komamanga na kinywaji cha siki iliyochanganywa na asali au sukari.

Nadharia hiyo imekwisha kukataliwa na sayansi, lakini haifuati kwamba kila dawa yao ilikuwa bure. Asali, kwa mfano, ina sukari nyingi na asidi, navyo huzuia bakteria kuzaana katika kidonda. Kwa upande mwingine, marhamu nyeupe iliyojulikana Ulaya kwa jina la al-Razi ilitengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Yafaa basi msomaji atenganishe mambo mawili: dawa kuwa karibu, na dawa kuwa salama. Hata asali hiyo hiyo haifai kulishwa mtoto asiyetimiza mwaka mmoja, kwani yaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo huota tumboni mwake na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kuvutia pumzi. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali bila kukawia.